Mawe Tuliyoyaona Angani Kegonga

Ipo siku moja, mwanangu, ambayo nikiikumbuka hasira zinanipanda hadi leo. Ilikuwa miaka ya tisini. Nilikuwa kijana kutoka Homa Bay, nimeajiriwa kwenye rada ya hali ya hewa iliyowekwa kilimani karibu na Kegonga ili kuchunguza barafu mawinguni.

Usicheke. Hapa hapa kwenye joto letu, juu kabisa ya wingu kuna theluji. Rada hutuma mawimbi, nayo yakirudi yanaeleza yalichokuta: tone la mvua huwa bapa likianguka, jiwe la barafu hubingirika ovyo. Kazi hiyo niliipenda kweli.

Alasiri ile skrini ilionyesha mawe mengi yakielekea mashamba ya tumbaku. Mkubwa wetu, tuliyemwita Daktari, akafurahi kama bwana harusi. Akanituma kwa baiskeli nikaweke vibao vya sponji mashambani, ili mawe yakianguka yaache alama tupime ukubwa wake.

"Na usiwaambie watu," akasema. "Yasipoanguka watatuita waongo."

Hebu fikiria! Tupime mawe yatakayomwangamiza mtu, na mwenyewe afichwe!

Sikunyamaza. Mama Boke, mjane mwenye shamba la kwanza, aliponiona na kibao aliuliza, "Kwani mvua ya mawe inakuja?"

"Inakuja, mama. Vuna majani yaliyokomaa."

Akapiga yowe, majirani wakaja mbio, wakachuma majani na kuyakimbiza kwenye banda la kukaushia. Mimi nikashika njia ya kijitoni, nikamwambie mzee Marwa wa ng'ambo. Daktari akanikuta hapo na gari lake kabla sijavuka, akaipakia baiskeli, akanirudisha kilimani kwa matusi.

Mawe yakaanguka. Mama Boke aliokoa nusu. Kwa Marwa halikubaki hata jani.

Jioni Mama Boke akapanda kilimani na kibao kilichojaa mashimo, akakitupa miguuni pa Daktari. "Wewe unaona barafu huko juu kabisa, na Marwa hapa chini hukumuona? Hii kitu yako ni macho ya nini?"

Daktari akainama, akatoa rula, akaanza kupima mashimo. Mbele yake! Mama wa watu amesimama pale na nguo zake zilizolowa!

Mwanangu, umesoma kuliko mimi. Ukijua hatari inamwendea jirani, mwambie kwanza, kupima baadaye. Ukikosea, acha akucheke akiwa shambani kwake. Mungu akupe macho ya kuona mbali, na akufikishe kwa Marwa kabla ya mawe.