Hodi ya Sijaona

Sijaona alikuwa Mmatumbi, mfupi, mwenye sauti nene ya kiume. Alikuja Kibiti baada ya kufiwa na mume, zama za Mwingereza, vita ya pili imeshakwisha. Akaajiriwa kwenye nyumba ya wasiojiweza, kazi yake kuogesha watu. Kazi hiyo wengi waliikimbia. Yeye aliifanya mpaka mgongo ukapinda.

Namtaja kwa sababu ya mke wangu, Mwanamkuu.

Sisi watu wa Salale. Mimi nilikata boriti za mikoko, yeye alilima mpunga. Watoto hatukujaliwa. Siku moja akaanguka shambani, upande wa kulia ukafa, mdomo ukaenda kando. Nikamtia mtumbwini, kisha watu wakamchukua kwa machela mpaka nyumba ile ya Kibiti. Wakampa kitanda cha kamba, chumba hakina mlango. Mimi nikapewa kazi ya kukata kuni, na pa kulala kando ya ghala.

Watu wa nyumba ile hawakuwa wabaya. Chakula kilikuwepo. Lakini waliingia tu, kama mtu aingiavyo bandani mwa mbuzi. Anaingia wa uji, anaingia wa ufagio, anaingia mnyapara Sadala na viatu vyake. Mwanamkuu yuko nusu wazi, mkono wa kujifunika haunyanyuki. Huyu ni mwanamke ambaye mimi mumewe nilikuwa nikikohoa kwanza ndipo niingie. Akageukia ukutani. Akafunga kinywa. Uji ukitiwa, unatoka. Nikajua ananiacha.

Asubuhi moja nimekaa naye, nikasikia, "Hodi!"

Nikajibu, "Karibu, mama."

Hakuingia. Nikachungulia. Mwanamke kasimama nje, ndoo kichwani, kanga begani.

"Karibu, nimesema."

"Nimekusikia, baba. Sikukubishia wewe. Chumba cha nani hiki?"

"Cha mke wangu."

"Basi nambishia yeye. Hodi, dada!"

Akabisha hata ya tatu. Mwanamkuu hakujibu. Sijaona akatua ndoo kizingitini. "Leo mwogeshe wewe mumewe," akasema. "Mimi sijakaribishwa." Akaenda zake.

Nikaudhika. Mgonjwa hali, hasemi, mtu analeta adabu za ukweni!

Alasiri akarudi. Kesho yake akarudi. Hodi tatu, anaondoka. Mimi nimeshazoea, sikujibu tena. Ndipo nikaona bega la Mwanamkuu linatikisika. Sauti ikatoka, nzito, kama ya mtu mwenye kiazi kinywani.

"K'ibu."

Sijaona akaingia. Akatundika kanga yake mlangoni, akanigeukia. "Na wewe toka. Wanawake wanaoga."

Nikakaa nje nikisikia maji. Halafu nikamsikia mke wangu, maneno yanaburutika: "Nyie Wamatumbi... mnaoga lini? Huko mlimani... maji mnayaona kwenye mtungi tu."

"Afadhali sisi wa mtungi! Nyie wa matopeni mnaoga pamoja na kaa. Hebu geuka nitazame, pengine mmoja umekuja naye."

Mke wangu akacheka. Kicheko chake nilikuwa nimekiacha Salale. Siku ile alikunywa uji wote, akauliza kama upo mwingine.

Sadala alipoiona kanga akaitungua. "Amri. Bwana Shauri, Mzungu wa wilaya, akipita aone kila kitanda."

"Kanga nitatoa nikimaliza kuogesha," Sijaona akamjibu. "Hodi nayo ina amri?"

"Hodi mahali pasipo mlango! Mama, unabishia hewa?"

"Mwenyewe yumo ndani, Mnyapara. Si hewa."

Wagonjwa wengine wakasikia. Mzee Mfaume, kipofu, mtu akiingia kwake anauliza kwa ukali, "Nani huyo asiye na hodi? Au mwizi?" Wafanyakazi wakaanza kubisha, mmoja mmoja. Sadala hakubisha. Lakini siku moja, kwenye mlango wa Mwanamkuu, nilimsikia anakohoa.

Mwanamkuu alikufa wakati wa masika, asubuhi, kumeshapambazuka. Nilimfumba macho mwenyewe. Wakaenda kumwita Sijaona aje kumwosha.

Akaja na maji ya majani ya mkunazi. Alikuwa ameshaambiwa. Hata hivyo akasimama nje.

"Hodi, dada."

Mvua ilikuwa ikidondoka pembeni mwa paa.

"Hodi, Mwanamkuu."

Nilikuwa nimekaa chini, mgongo kitandani.

"Hodi."

Tatu ni tatu. Ya nne haipo, mtu anarudi alikotoka. Nikaona mguu wake unageuka, ndoo mkononi. Hakuwa anafanya mchezo. Asingeingia.

"Karibu," nikasema.

Nikangoja aniambie hakunibishia mimi.

"Ahsante, baba," akasema. Akaingia, akatundika kanga. Safari hii hakuna aliyemwambia aitoe. Nami nikatoka bila kuambiwa.

Nilirudi Salale. Sijaona naye nasikia amezikwa kwao milimani. Habari ilinifikia imeshakuwa ya zamani, hata mazikoni sikufika.

Nyumba yangu ina mlango wa mbao, nilioutengeneza mwenyewe. Nikitoka kutazama mitego ya samaki naurudisha tu. Nikirudi nabisha. Mara tatu. Halafu nakaa barazani kidogo, ndipo niingie.