Ni Taa au Ni Macho?

Nianze na ubaya wangu, maana mtu anayesimulia maisha ya mwenzake huku akijificha nyuma ya mlango ni mnafiki. Mimi nilitaka Raili Kumpula aendelee kuendesha teksi hata kama angekuwa kipofu. Ndiyo, kipofu kabisa. Figo zangu zilikufa miaka mitatu iliyopita, na mara tatu kwa wiki lazima nipelekwe mjini nikasafishwe damu kwa mashine, kilomita mia na thelathini kwenda, mia na thelathini kurudi. Kijijini kwetu Purnujoki, kaskazini kabisa kwenye theluji, teksi ni moja tu, ya Raili. Yule dada wa ofisi ya ustawi alishanipasulia wazi: "Mzee Taisto, siku Raili akiacha kazi tutakutafutia chumba mjini, karibu na hospitali." Chumba! Mimi mwenye nyumba niliyoijenga kwa mikono yangu, nikakae ghorofa ya nne nitazame maegesho ya magari? Potelea mbali.

Basi Raili mwenyewe. Ana miaka sitini na sita, mfupi, mabega mapana, sauti ya kukwaruza. Alianza na lori la maziwa akiwa na miaka ishirini na miwili. Wanaume wakasema mwanamke hataweza kurudisha nyuma lori lile kwenye nyua zetu zenye barafu. Akalirudisha nyuma uani kwa kila mmoja wao, wake zao wakitazama dirishani. Ng'ombe walipouzwa na maziwa yakaisha, akanunua teksi. Amebeba wajawazito, walevi, na safari moja alibeba maiti, jambo ambalo halikubaliki na hataki lisemwe. Mumewe Erkki alipofariki alipumzika siku nne, ya tano akaja kunichukua. Nikampa pole. Akasema, "Funga mkanda, tumechelewa."

Kwetu mwezi wa Desemba jua halichomozi. Kunapambazuka kidogo tu, kama mtu aliyefungua mlango akaghairi kuingia, na ikifika saa nane mchana giza limeshakaza. Na barabara ya kwenda mjini ni ya kulungu kwanza, ya watu baadaye. Kulungu wetu ni wale wa nchi za barafu, wana wenyewe wanaowafuga, lakini hawana adabu. Wanalala juu ya lami na kulamba chumvi inayomwagwa kuyeyusha barafu. Ndiyo maana dereva aliyewapita kulungu huwapepesea taa mara mbili anaokutana nao: angalia, wako mbele. Hakuna aliyefundishwa jambo hilo darasani. Ukiliacha wewe si mtu.

Mwezi wa Oktoba ndipo nilipoanza kuogopa. Tulikuwa tunarudi, mara Raili akakanyaga breki nusura meno yangu ya bandia yanitoke. Kulungu jike na ndama wake walikuwa mbele ya boneti, karibu kiasi cha kuwashika.

"Ulikuwa umelala?" nikafoka.

"Taa zimefifia."

"Taa! Mwenye macho haambiwi tazama, bibie."

Nilisema kwa utani. Yeye hakucheka wala hakunitukana, na Raili asiponitukana kuna jambo. Safari tatu nzima aliniendesha bila neno. Ya nne tukasimama kituo cha mafuta kunywa kahawa, akakishika kikombe kwa mikono miwili bila kunywa.

"Taisto, ukiwa pale mbele na mimi, unaona mpaka wapi?"

"Nguzo ya pili ya barabarani, pengine."

"Mimi pia nguzo ya pili," akasema upesi. "Basi ni taa."

"Ni taa," nikasema, upesi zaidi yake.

Kumbe mwenzangu alikuwa na woga wake. Mwezi wa Januari alitakiwa kupeleka cheti cha macho ili leseni ya teksi ipigwe muhuri. Mama yake alizeeka haoni, akipapasa kuta za jikoni. Lakini gari pia lilikuwa na miaka kumi na mitatu, na taa zake za zenoni, zile za balbu za gesi, hazijawahi kuguswa. Kwa hiyo swali likawa ni lipi kati ya mawili, na kila mmoja wetu, kwa sababu zake, aliomba jibu liwe taa. Mficha maradhi kifo humuumbua, nilijua hivyo, na nikanyamaza.

Jumanne moja ya Desemba tukaenda gereji kwa Jouni, mpwa wa marehemu Erkki. Hakuna mtu aliyeniita. Nilijipeleka tu, nisingeweza kukaa nyumbani nikisubiri. Jouni akaliegesha gari likitazama ukuta, akazima taa za gereji, akawasha za gari. Ukutani pakatokea madoa mawili ya rangi ya zambarau, hafifu.

Jouni akapiga mluzi. "Shangazi, umekuwa ukiendesha na hizi? Hizi ni mishumaa ya kanisani!"

Raili akaanza kucheka. Akacheka mpaka akaegemea boneti, akajifuta machozi kwa kofia. "Mishumaa," alirudia. "Umesikia, mzee? Mishumaa!"

Nilisikia. Moyo wangu ulipiga kwa furaha kama wa kijana aliyekubaliwa posa.

"Tatizo la zenoni ni kwamba haifi ghafla," Jouni akatuambia huku akifungua boliti. "Inafifia kidogo kidogo kila mwaka, inaelekea zambarau, na mwenye gari anazoea. Anadhani yeye ndiye anayezeeka."

"Rudia hapo," Raili akasema.

"Anadhani yeye ndiye anayezeeka."

"Haya, endelea na kazi."

Akatoa balbu zote mbili, maana ukibadilisha moja gari linakuwa na makengeza. Plastiki ya nje iliyokuwa imekwaruzika kwa mchanga wa barabarani akaisugua kwa msasa na maji, akaipaka vanishi. Ndani ya lenzi kulikuwa na utando kama moshi wa jikoni. Akaupangusa kwa kitambaa cha pamba na maji safi ya kuongezea betri, polepole, huku ametoa ulimi. Nyuma ya lenzi kuna bakuli linalong'aa kama fedha. Nikanyoosha kidole nilionyeshe.

"Mzee, mkono huo!" akanifokea. "Hilo haliguswi. Ukilipangusa tu, ung'avu wote unatoka na kitambaa."

Nikaurudisha mkono mfukoni kama mtoto.

Alipowasha tena, ukuta ulikuwa mweupe mpaka tukaona misumari. Akazipanga kwa kukadiria, kwa alama ya chaki. "Mashine ya kuzilenga sawasawa iko mjini kwa wakaguzi wa magari," akasema. "Na kuna mkono mdogo huku nyuma, chini ya gari, unaoziambia taa ziiname buti likiwa zito. Umeshikwa na kutu. Nimeupaka mafuta, lakini sijauamini. Wapitie wakaguzi kesho."

"Nitawapitia," Raili akasema. Furaha ilikuwa imemzidi, hakusikiliza vizuri.

Kesho yake Jumatano, safari ya kwenda ilikuwa raha tupu. Buti lilikuwa tupu, taa zilikaa barabarani vizuri, Raili akaimba nyimbo za kanisa kwa sauti ile mbaya. Wakaguzi hakuwapitia. Nikiwa kwenye mashine alikuwa madukani, maana teksi yetu ndiyo soko la kijiji: magunia sita ya chakula cha mbwa, mafuta ya msumeno, unga wa shayiri wa watu watatu, betri ya mtu. Niliporudi, nyuma ya gari ilikuwa imekaa chini kama kuku anayeatamia.

Tukaondoka saa nane kasoro. Giza tii. Kilomita ya ishirini, lori likatupepesea taa mara mbili. Raili akapunguza mpaka arobaini, akainama juu ya usukani, akatafuta. Nami nikatafuta. Hakuna kitu. Likaja gari dogo, likapepesa. Tukatambaa tena kilomita mbili. Hakuna hata unyayo. La tatu likapepesa, tena kwa hasira.

"Ala!" Raili akapiga usukani. "Ni sisi! Buti limejaa, pua imeinuka, tunawachoma watu macho."

"Ule mkono wa Jouni," nikasema.

"Umeganda tena. Sasa nifanyeje, nimwage chakula cha mbwa wa watu kwenye theluji? Watavumilia. Miaka yote wananichoma wao."

Tangu hapo kila aliyepepesa alijibiwa kwa matusi. "Na wewe pia! Nenda zako! Kamwambie mama yako!" Nilicheka, sitaficha, nilicheka sana. Mwendo ulikuwa tisini. Likaja gari la posta, likapepesa mara mbili, taratibu, likatulia, likapepesa tena mara mbili. Nikaacha kucheka. Dereva wa posta ni Seppo, mtu ambaye hajawahi kumlalamikia yeyote maisha yake yote.

"Raili, punguza. Huyo ni Seppo."

"Seppo naye ana macho ya kuchomwa."

"Punguza, nakwambia!"

Hakuinua mguu. Barabara ilikuwa nyeupe mbele yetu mpaka mbali, ningeweza kusoma gazeti kwa mwanga ule. Nami nikawaona. Wa kwanza alikuwa akitoka mtaroni upande wa kushoto, mkubwa, pembe zote zimewaka kwa mwanga, na nyuma yake wengine.

"Kushoto! Raili, kushoto!"

"Wapi?" akasema.

Neno hilo sitalisahau. Nilikuwa nimenyoosha mkono mbele ya uso wake, taa zimejaa barabara nzima, naye anauliza wapi. Halafu kulungu wawili wakafika katikati ya njia, akapiga yowe, akakanyaga breki. Magunia yakabamiza viti nyuma yetu. Gari likateleza ubavu ubavu juu ya barafu, muda mrefu kuliko nilivyojua muda unaweza kuwa mrefu, likasimama.

Hatukumgonga hata mmoja. Wale wanyama wakatutazama, wakatuzunguka pande zote, wakaondoka bila haraka kuingia msituni. Injini ilikuwa ikinguruma. Nilikuwa nimeshika mkanda kwa vidole kumi.

Akawasha taa za hatari. Kisha akasema bila kunigeukia, "Taisto. Umewaona wangapi?"

Nilielewa swali lote. Nikitaja idadi yake, kesho kutwa asubuhi atapiga honi nje kwangu, na wiki ijayo, na mwaka ujao Mungu akipenda. Nilihitaji tu kuijua idadi yake.

"Wewe umewaona wangapi?" nikamgeuzia.

"Usinizungushe, mzee. Wawili. Hao wa katikati. Wewe?"

Nilimchukia kwa kuniuliza. Nilijichukia zaidi, maana jibu la uongo lilikuwa limeshafika kwenye ulimi, tamu.

"Saba," nikasema.

"Saba."

"Dume moja limepita mlangoni kwako. Pembe zimegusa kioo chako cha pembeni."

Akageuka akakitazama kioo. Kilikuwa kimekunjwa kuelekea ndani. Akashusha dirisha, akakirudisha mahali pake kwa kidole.

"Na taa ni nzuri," akasema.

"Taa ni nzuri sana."

Akavua kofia, akaiweka mapajani, akailainisha. Hakulia. Mimi ndiye niliyekuwa nalia, na sioni aibu kusema.

"Kesho Jouni ataweza kuwafikishia wenyewe magunia haya," akasema. Kisha, "Sasa wewe utakwenda kukaa wapi?"

"Sijui. Endesha kwanza unifikishe nyumbani," nikasema. "Polepole. Mimi nitatazama pembeni."

Akaingiza gia. Tukatembea mwendo wa baiskeli, kilomita thelathini na tano zilizobaki.

"Kushoto?" akauliza.

"Hakuna kitu."

"Kulia?"

"Kulia pia hakuna."