Mzinga wa Kupandia Mikoko

Tangu magoti yalipomkataa, Bi Tima alikuwa hatoki nyumba yao ya Mkomani. Kila mwaka alikuwa akirudi kijijini kwao Mbwajumali kupanda mikoko, akizama kwenye matope hadi mapajani huku akicheka. Mwaka huu alikaa ndani akishona kofia, kimya. Kimya hicho kilimnyima raha mumewe, Bwana Muhdhar.

Yeye ni fundi wa nakshi za milango, na mkaidi kwelikweli. Aliazimia kutengeneza mzinga mdogo wa kurusha mbegu za mkoko, zile ndefu zenye ncha, ili mkewe apande akiwa amekaa kitini. Alipasua gogo la mbambakofi, akachonga nusu moja, kisha ya pili, akaziunganisha zikawa mtutu. Ndani alikata mifuo, mifereji myembamba ya kuzunguka, mbegu ipate kujizungusha na kwenda ncha mbele. Nguvu ya kuisukuma ilitoka kwenye pampu ya baiskeli.

Mbegu hazikumsikiliza. Alitundika gazeti uani, akafyatua: tundu likatoka refu, maana yake mbegu ilipita ubavu. Akarudia mpaka gazeti likachakaa na kuku wakahama ua. Majirani walimtania kwamba ametangaza vita na kunguru. Alichukia, lakini zaidi aliona haya mbele ya mkewe.

Siku moja Bi Tima alijikongoja hadi uani, akazitazama zile nusu mbili zilizofunguliwa na kulazwa pamoja.

"Bwana, hapa umefanya mlango," alisema kwa upole. "Mifuo hii yaenda kuume, hii yaenda kushoto, nusu zaangaliana kama mbao mbili za mlango. Ndia ya mbegu yavundika hapa kati."

Ilikuwa kweli, njia ilivunjika pale nusu mbili zilipokutana. Maisha yote mkono wa fundi huyo wa milango ulikuwa umezoea kuchonga ubao wa kushoto uutazame wa kulia kama unajitazama kiooni. Bwana Muhdhar alicheka mpaka akatoka machozi, akaichonga upya nusu moja. Safari hii gazeti lilitoboka tundu dogo la duara.

Huko Mbwajumali, maji yalipokupwa, alimkalisha mkewe kitini ukingoni mwa matope.

"Fyatua wewe," alimwambia.

Mbegu ilikwenda moja kwa moja, ikachoma tope mbali, mahali ambapo Bi Tima hakuweza kufika hata ujanani, ikasimama wima.

Bi Tima akanyoosha mkono.

"Nipa nyengine," alisema, akicheka kile kicheko cha matopeni ambacho mumewe alikuwa amekikosa mwaka mzima.