Maziko Niliyokataa Kuyapiga Picha Kutoka Juu

Tangu mke wangu afariki na watoto waende kutafuta kazi Kolwezi, simu yangu hulia kwa ajili ya kazi tu. Napiga picha za harusi na za viwanja kwa droni, ile kamera ndogo inayoruka. Asubuhi moja alinipigia mwanamke nisiyemjua, yuko Ubelgiji. Mama yake alikuwa amefariki hapa Lubumbashi, naye hakupata njia ya kuja.

"Papa, minaomba unipigie picha ya maziko ya mama. Ya kutoka juu. Nione bantu bote benye bamekuja."

Nikamuuliza ni makaburi gani. Aliponitajia, nilikosa raha. Pale ndege hupita chini zikienda kutua, na ruhusa yangu ya kurusha haifiki upande ule.

"Mwana yangu, kule siwezi kurusha. Iko njia ya ndege."

"Hata dakika moya?"

"Hata moya. Macho yangu inakuwa ku kioo ya kamera, sitaona ndege yenye kuya. Na droni ikianguka juu ya bantu?"

Akasema, bila hasira, "Basi hakuna mutu wa kunionyesha," akakata simu.

Siku ya maziko nilivaa koti langu jeusi nikaenda. Nikamwomba ruhusa kaka wa marehemu, nikasimama nyuma ya ndugu nikishika kamera ya mkononi. Nilirekodi video ya kwaya ya parokia, wanawake wakishikana mabega, udongo mwekundu ukishuka. Katikati ya sala ndege ikapita chini sana, padri akanyamaza mpaka ilipokwisha kupita. Sote tuliinua vichwa. Nikawaza kwamba ningeweza kukubali.

Baadaye watu waliondoka pamoja kwenda kwenye matanga. Yule kaka akaniuliza niko upande gani wa familia. Nikamjibu siko upande wowote. Akanipa mkono, akawafuata wenzake.

Nilimtumia binti ile video. Jioni akapiga.

"Papa, minashindwa kuangalia peke yangu. Usikate."

Sikukata. Kwenye simu nikasikia, kutoka nyumbani kwake Ubelgiji, kwaya ikianza, kisha ile ndege, na pumzi zangu mwenyewe karibu na kamera.

"Ule mama wa kitambaa ya bulu, mwenye kulia sana, ni nani?"

"Sijue, mwana yangu."

"Mi pia sijue. Nilitoka kule zamani."

Alilia kidogo. Nikashikilia simu sikioni mpaka video ikaisha.

"Uko na bantu pale kwako, papa?"

"Hapana. Niko miye tu."

"Mi pia."

Nilidhani ataaga. Badala yake nikasikia kwaya ikianza upya. Nikavuta kiti, nikakaa.