Kamera Iliyomfuata Konsolata

Nilisikia kicheko kabla sijaona kilichochekwa, na hadi leo mtu akicheka ghafla nyuma yangu nageuka kwa woga, kwa sababu siku ile, katika hospitali yetu kule Karagwe, kilichochekwa kilikuwa moyo wangu, umeanikwa kwenye televisheni mbele ya watu.

Ilikuwa miaka ya tisini. Nilikuwa daktari msaidizi, kijana, najiona hodari, na Daktari Kamugisha alikuwa amekuja kutoka Mwanza na mtambo mpya, atufundishe kutoa kifuko cha nyongo bila kumpasua mgonjwa tumbo zima: unatoboa vitundu vidogo, unaingiza kamera nyembamba kama fimbo pamoja na vyombo virefu, halafu unafanya kazi ukitazama televisheni badala ya mikono yako. Tulianza na ini la mbuzi lenye nyongo yake, ndani ya boksi la sabuni lililotobolewa (muuza nyama wa Nyaishozi alinishangaa, maana wateja wake wote humsihi aitoe). Ukipeleka mkono kushoto, chombo kinakwenda kulia. Wenzangu walitokwa jasho. Mimi nilipewa kamera.

Na aliyeshika beseni la maji ya moto, ya kuoshea kioo cha kamera kikiingia ukungu, alikuwa Konsolata.

Ngoja nieleze vizuri. Konsolata alikuwa muuguzi wetu wa upasuaji, amezaliwa Kaisho kwa wazazi waliokuja zamani kutoka Rwanda, na sasa vita huko, ng'ambo ya mto wa mpakani, ilikuwa imekwisha, baba yake ameshauza shamba la migomba, Jumamosi wanaondoka wote kurudi kwao. Mwaka mzima nilikuwa natafuta namna ya kumwambia abaki nami, na mwaka mzima nilimwambia habari za mvua, za maharage, za buni. Basi siku ile nikaamua jambo dogo tu: nikasema kioo kina ukungu, na hakikuwa nao. Akasogea. Alinukia sabuni na moshi wa kuni. Punde, ukungu tena. Kisha tena, mpaka maji yakapoa, akaenda kuongeza mengine kwenye jiko la mafuta ya taa pale pembeni, na mimi, kamera mkononi nje ya boksi, nikamtazama akienda, mkono ukafuata macho bila kuniomba ruhusa, shingo yake, sikio lake, kisha uso alipogeuka, nikabaki pale pale usoni.

Ndipo kicheko. Kilianzia dirishani, walikojazana ndugu wa wagonjwa (televisheni kwetu wakati ule haikuwa kitu cha kupita bila kuchungulia), kikahamia kwa wauguzi, na bibi mmoja aliyekuja kumuuguza mumewe akaniita kwa upole, "Mjukuu wangu, nyongo iko kwenye boksi."

Nikageuka. Konsolata alikuwa amejaa televisheni nzima.

Daktari Kamugisha hakucheka. Alisema nina mkono mtulivu kuliko wote aliowafundisha, ila ukitulia pasipo na ini haumsaidii mgonjwa, na kamera akampa mwingine. Tangu hapo nimeapa kutomtazama mtu kimya kimya wakati ulimi ninao. Kiapo kizuri, ila kilichelewa.

Watu walipotawanyika, Konsolata aliweka beseni mezani, akakausha mikono taratibu, kidole baada ya kidole.

"Juzi baba aliniuliza kama kuna mtu wa kunibakisha huku," alisema, sauti chini. "Nikamwambia hakuna."

"Mwambie yupo."

Akanitazama muda mrefu, kama mtu anayetaka kukumbuka vizuri.

"Ng'ombe wa baba wameshavuka mto, Daktari," akasema. Akavua aproni yake, akaikunja, akaiacha kwenye kiti. Nikasikia hatua zake hadi mwisho wa chumba, kisha mlango ukafungwa nyuma yake, polepole, kwa mkono wa mtu asiyetaka ugonge.