Mchumba wa Thuraya na Neno "Curing"

Jamani, haya nnayowahadithia mume wangu nilimficha, akaja kuyasikia kwa watu dukani, mtaa wa Hamriya, kwa hiyo bora nyinyi myapate kwangu mwenyewe.

Thuraya, binti wa kaka yangu Khalfan, aliposwa na kijana anaitwa Salum, watu wa Mwanza zamani, kabla ya kuja huku kwa Waarabu (sisi wa Unguja, na nakiri nilikuwa nshaanza kuwatazama kwa jicho la pembeni). Kaka akanituma nipeleleze. Nikampigia simu dada yake Salum, nikamuuliza nduguyo anashughulika na nini, naye kwa Kiswahili chake cha kuchanganya akanambia, "Mwanzo alikuwa smoking, sasa alhamdulillahi wamemhamishia curing, upande wa Qantab."

Smoking naijua, ni kuvuta. Cure naijua pia, ni kuponya. Na Qantab ni kijiji cha wavuvi, hospitali gani iko kule? Nikaona huyu kafichwa, na mtu hafichwi kwa sigara, basi kavuta kitu kingine. Ningemuuliza Thuraya, Kiingereza chake cha kumimina, lakini nikasema keshapenda, atamtetea tu. Nikamwambia kaka, kaka akamwambia ammi Nassor, mwenye kusomea wagonjwa dua.

Siku wageni walipokuja mimi macho yote kwenye mikono ya Salum, kama inatetemeka (ilitetemeka, lakini kijana gani hatetemeki siku ya kuposa). Ammi Nassor akaomba dua ndefu kwa vijana waliotekwa na ulevi, na Salum ndiye aliyeitikia amin kwa sauti kuliko wote. Kisha ammi akampa chupa ya mafuta ya habbasoda.

"Kunywa kila asubuhi, mwanangu. Maradhi yako yataondoka."

"Maradhi gani, ammi?"

Ukumbi mzima ukanigeukia mimi. Nikasema, "Si wanakutibu, huko curing?"

Salum akainamisha kichwa. "Shangazi, mimi nafanya kazi kiwanda cha samaki. Mwanzo nilikuwa kwenye kukausha kwa moshi, ndiyo smoking, sasa nasimamia kutia chumvi, wasioze. Kiingereza chake ndiyo hiyo hiyo curing."

Mamake akaweka kikombe chini. "Kumbe mmetukaribisha mkidhani mwanangu mlevi." Wakaondoka, hata halwa hawakuigusa.

Thuraya akaninunia, na kaka akasema aliyeharibu atengeneze. Nikaenda peke yangu kwao Salum, mtaa wa Madinat Sultan Qaboos, kuomba radhi. Mama Salum alinisikiliza mpaka mwisho, akaingia jikoni akatoka na papa wa chumvi wa nazi, katiwa chumvi na mwanawe, akanisogezea sahani.

"Kula, bibi. Dawa ya mwanangu ndiyo hii."

Nikala nimeinamisha uso, na papa mwenyewe mtamu, akazidi kunitia haya.

Wakarudi kuposa, na sasa wameoana. Lakini mimi siku hizi nikisikia neno la Kiingereza nauliza kwanza, khasa lile nnaloona nimelifahamu.