Karatasi Niliyofungia Omena

Mwanangu, wewe umewahi kufunga omena na nyumba yako mwenyewe? Haya, cheka. Hata mimi nilicheka siku hiyo, tena sana.

Ilikuwa siku ya soko hapa Busia. Nilikuwa bado na nguvu zangu, binti yangu, mama ya mjukuu wangu Nabwire, nimemfunga mgongoni, na beseni ya omena, wale dagaa wa ziwani, nimetoka nayo Osieko. Watu walinunua siku hiyo! Mpaka gazeti la kufungia likaisha. Nikaangalia ukuta wa ofisi ya chifu, nikaona karatasi kubwa, nyeupe, safi, mvua imebandua pembe moja. Mistari mistari tu, kama mtoto amechora. Nikaivuta. Ikatoka yote.

Mwalimu mmoja mzee alikuwa kwa laini anangoja. Akaniambia, "Mama, rudisha hiyo. Ni mpango wa mji. Inasema mwenye hataki aandike pingamizi kabla siku sitini ziishe."

Nikamwambia, "Mwalimu, hiyo pingamizi inakaangwa na nyanya ama inachemshwa?"

Wamama walicheka mpaka mmoja akakaa chini. Mwalimu hakucheka. "Utaikumbuka," akasema, akaenda zake hata bila samaki. Mimi nikapasua vipande vinne, nikafunga, nikauza. Unajua watu wanasema ni kwa sababu sikusoma. Wacha. Yule mzee alikuwa ananisomea, na mimi ndio sikutaka kusikia.

Miaka ikapita, nikasahau kabisa. Juzi vijana wa kupima ardhi, wa makoti ya kijani, wakakuja na rangi nyekundu, wakachora X ya kubomoa kwa ukuta wa jikoni yangu. Kigingi wakapiga karibu na kaburi la mzee wangu, hapo upande wa kichwa. Eti malori ya kwenda Uganda yatakuwa yanalala hapo. Juu ya mzee wangu, mwanangu! Mtu hata jogoo akiwika alikuwa anarusha kiatu.

Sasa Nabwire anasomea hiyo sheria ya mipango ya miji na mashamba huko chuo. Akaenda ofisini, akarudi na kopi ya ule mpango wa mji. Ni ile ile. Mistari ile ile. Akaweka kidole: "Kukhu," ndivyo anavyoniita mimi nyanya yake, "hapa ndio sisi."

"Basi tuandike hiyo pingamizi," nikamwambia. "Leta kalamu."

Akaniangalia. "Kukhu, siku sitini ziliisha mama akiwa bado anatambaa."

Sijalala vizuri tangu hiyo siku. Mwanangu, ukiona karatasi imebandikwa ukutani, simama. Ukishindwa kusoma, shika mtu mkono akusomee, na usimfanyie mzaha. Sheria haikungoji umalize kuuza. Mungu akupe macho, na macho yakikosa, akupe masikio.

Jana nilimuuliza Nabwire, hiyo masomo yako itanisaidia nini mimi? Akaangalia ile X. Halafu akaniambia, "Nyumba siwezi kukurudishia, Kukhu. Babu tutamhamisha, na nitakuwa hapo na wewe. Lakini notisi yoyote ikibandikwa kwa ule ukuta wa chifu, nitasimama katikati ya soko niisome kwa sauti, kwa Kikhayo na kwa Kiteso, kila siku ya soko, mpaka wamama wa omena wachoke na mimi."